Mkulima Hustaafu Lini? Somo la Vikundi Juu ya Kuishi kwa Kiasi



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo hatupendi kulizungumza kwenye mikutano: siku ile mtu ataweka jembe chini. Mwalimu anaijua siku yake. Karani anaijua. Mwaka 2009 serikali ilipandisha umri wa kustaafu kwa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60, na kila mmoja wao anaweza kuhesabu kwa vidole miaka iliyobaki. Lakini mama anayechuma chai kwa kibarua, au baba anayechoma matofali, yeye hustaafu lini? Jibu tunalolisikia mara nyingi ni moja: "Nikishindwa." Yaani magoti yakikataa, au macho, au mgongo. Hiyo si kustaafu. Hiyo ni kuangushwa.

Kuna watu waliouliza swali hili kwa njia nyingine. Waliuliza: je, mtu wa kawaida anaweza kuacha kibarua mapema, angali na nguvu, bila kuwa tajiri? Jibu walilopata limebadilisha maisha ya wengi, hasa huko Marekani lilikoanzia. Tunataka tulipime pamoja hapa kwetu, tuone nini kinatufaa na nini hakitufai.

Tuanze na habari ya mtu mmoja. Joe Dominguez alizaliwa mwaka 1938 na akakulia katika umaskini pale Harlem, New York. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi Wall Street, ule mtaa wa soko la hisa, akawa mchambuzi wa mambo ya fedha. Katika mtaa ule walikuwako wengi waliopata pesa kumzidi. Lakini yeye alikuwa na tabia ambayo wenzake hawakuwa nayo. Aliandika kila senti iliyoingia na kila senti iliyotoka, aliishi chini ya mapato yake, na akiba aliiweka katika hati za dhamana za serikali, zile tunazoita bondi. Mwaka 1969, akiwa na miaka 31 tu, aliaga. Aliishi kwa faida ya bondi hizo mpaka alipofariki Januari 1997.

Miaka ile yote hakukaa kivulini kulala. Alifundisha watu njia yake, kwanza kwa semina, baadaye kwa kanda za kusikiliza, na mwaka 1992 yeye na mwenzake Vicki Robin walitoa kitabu kinachoitwa Your Money or Your Life. Jina hilo ni maneno ya jambazi anayekusimamisha njiani: pesa zako au uhai wako! Faida ya mafunzo hayo waliitoa kwa mashirika ya hisani, kwa maana wao wenyewe walikuwa na ya kuwatosha.

Sasa, mbona jina la kijambazi? Kwa sababu walisema pesa ni uhai. Ukilipwa mshahara, umeuza saa za maisha yako, na saa hizo hazirudi. Kwa hivyo bei ya kitu haifai kusomwa kwa shilingi peke yake, isomwe pia kwa siku za maisha.

Tulijaribu hesabu hii kwa mambo ya kijijini. Tuseme unafanya kibarua kwa shilingi 400 kwa siku. Ukitoa 100 ya boda boda kwenda na kurudi, na 60 ya chai na chakula cha mchana kwenye hoteli, unabaki na 240. Umetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, yaani saa 11. Basi saa moja ya maisha yako umeiuza shilingi 22 hivi. Si 400 gawanya kwa saa nane kama unavyofikiri ukisimama kwenye foleni ya malipo.

Ukishajua hivyo, ingia dukani. Kitenge cha 1,200 ni siku 5 za kazi. Simu ya 6,600 ni siku 27 na nusu, na mwezi una siku 26 za kazi ukiondoa Jumapili. Hatusemi usinunue. Kitenge cha harusi ya binti yako pengine kina thamani ya siku 5 na zaidi, na simu inaweza kukuletea wateja wa mayai. Lakini soda na keki ulizonunua kwa sababu tu kiu ilikushika sokoni, utazitazama kwa macho mengine. Watu wengi waliofuata njia hii wanasema badiliko lilianzia hapo, katika kuuliza tu: kitu hiki kina thamani ya siku zangu ngapi?

Ya pili ni daftari. Daftari la kurasa 32 linatosha. Upande mmoja andika kilichoingia, upande mwingine kilichotoka, kila jioni, bila kuruka hata shilingi 5 ya peremende. Mwezi wa kwanza usijaribu kubadilisha kitu. Andika tu. Wala usione haya. Daftari ni lako na la mwenzako wa nyumbani, si la kusomwa mbele ya kanisa. Mwisho wa mwezi jumlisha kwa mafungu: chakula, karo, simu, sabuni, hospitali, nauli, michango, na hayo mengine ambayo huwa tunasema "zilipotelea tu." Hilo fungu la mwisho ndilo linaloshangaza watu.

Chukua kredti ya simu ya shilingi 20 kwa siku. Kwa mwaka ni 7,300. Chai na mandazi vya 50 mara tatu kwa wiki ni 7,800 kwa mwaka. Viwili hivyo pamoja ni 15,100, na mtu huyo huyo Januari atauza mbuzi wa pekee ili mtoto aende sekondari.

Tena kuna hasara ya kununua kidogo kidogo, ile ya kupimiwa. Tuseme sukari robo kilo ni 45. Hiyo ni 180 kwa kilo. Gunia la kilo 50 kwa bei ya jumla tuliseme ni 6,800, yaani 136 kwa kilo. Familia inayotumia kilo 4 kwa mwezi inapoteza 176 kila mwezi, zaidi ya 2,100 kwa mwaka, kwa sukari peke yake. Maskini hulipa bei ya juu kuliko tajiri kwa kitu kile kile, kwa sababu hana za kununua kwa wingi. Hapa kikundi kina kazi. Watu kumi wakichanga gunia moja na kugawana kwa mizani, wote wamepata bei ya tajiri. Fanyeni hivyo kwa sukari, sabuni ya mche, mchele na mafuta ya kupikia, na mizani iwe ya kweli.

Kwa mikopo ya simu tunasema wazi: hesabu kabla ya kubonyeza. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana ndogo. Lakini ukikopa 2,000 unalipa 150, na ukirudia kila mwezi mwaka mzima utakuwa umelipa 1,800 kwa kutumia zile zile 2,000. Katika Sacco nyingi riba ni asilimia 1 kwa mwezi, yaani shilingi 20. Mkopo wa simu ni wa dharura ya usiku, mtoto ana homa na hakuna wa kumwamsha. Si wa unga.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu inaonekana kwa macho. Dominguez na Robin waliwaambia watu wachore mchoro ukutani. Mstari mmoja ni mapato ya kila mwezi. Wa pili ni matumizi. Baada ya muda, akiba ikianza kuzaa, unachora mstari wa tatu: pesa zinazoingia bila wewe kwenda kazini. Mwanzoni mstari huo unalala chini kabisa kama nyoka. Mwaka baada ya mwaka unapanda, na mstari wa matumizi nao unashuka kidogo. Pale inapokutana, mtu huyo hana haja tena ya kuajiriwa. Anaweza kuendelea akitaka, lakini halazimiki.

Kwetu mchoro wa mwezi kwa mwezi utawavunja watu moyo. Malipo ya kahawa huja mara chache kwa mwaka, mahindi huvunwa kwa msimu, na Januari karo humeza kila kitu. Ukichora kila mwezi utapata milima na mabonde tu. Maoni yetu ni kwamba mkulima achore kwa mwaka: Desemba moja hadi Desemba nyingine. Tumia kalamu tatu: buluu ya mapato, nyekundu ya matumizi, kijani ya zile pesa zisizotumia mgongo wako.

Ni pesa ngapi zinatosha? Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa California, William Bengen, alichunguza historia ya hisa na bondi za Marekani tangu 1926. Akaona kwamba mtu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kila mwaka kufuatana na bei za vitu, akiba hiyo ilidumu angalau miaka 30 hata katika nyakati mbaya. Asilimia 4 ni sehemu moja ya 25. Ndipo watu wakaanza kusema: zidisha matumizi yako ya mwaka kwa 25.

Nyumba inayotumia pesa taslimu 8,000 kwa mwezi hutumia 96,000 kwa mwaka. Mara 25 ni milioni 2 na laki 4. Tunajua wengine wamefunga gazeti hapo! Ngojeni kidogo. Hesabu hiyo hiyo ina upande mwingine: kila shilingi 100 unayopunguza katika matumizi ya mwezi inapunguza mlima huo kwa 30,000. Na mkulima ana jambo ambalo mtu wa New York hana. Mboga, maharagwe, mahindi, kuni na nyumba ya kulala hanunui. Mfanyakazi wa mjini analipia hata maji na kivuli.

Tena lazima tuwe waangalifu na hesabu za ng'ambo. Bengen alipima soko la Marekani. Hapa Kenya wenye umri wanaukumbuka mwaka 1993, bei zilipopanda kwa karibu asilimia 46. Mtu aliyekuwa na 10,000 ndani ya godoro, katika mwaka mmoja nguvu yake ya kununua ilishuka chini ya 7,000 bila mwizi kuingia. Kwa hivyo hesabu ya 25 itumike kama mwelekeo tu, na akiba isiwe yote katika pesa.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa lishike zaidi ya yote. Mkulima hana haja ya kungoja mistari ikutane ndipo aone faida. Anaweza kustaafu kidogo kidogo. Rudi kwa yule anayebaki na 240 kwa siku. Kama mstari wake wa kijani unamletea 1,000 kwa mwezi, hizo ni siku nne za kibarua ambazo hatazihitaji tena. Siku nne kila mwezi za kulima shamba lake mwenyewe, au kupumzisha goti. Ukifika 3,000 ni siku kumi na mbili. Mwanamke wa miaka 50 aliyekuwa akienda kwenye mashamba ya watu siku sita kwa wiki, sasa anakwenda siku tatu. Hajawa tajiri, wala jirani hataona tofauti, lakini mgongo wake utaiona.

Ili kupata 1,000 kwa mwezi unahitaji 12,000 kwa mwaka. Kwa faida ya asilimia 10, hiyo ni akiba ya 120,000. Ukiweka shilingi 20 kila siku na kuiacha faida izae pia, utafika kama 116,000 kwa miaka 10. Ukiweka 40, miaka 6 inakupeleka karibu 112,000. Asilimia 10 si ndoto: bondi ya M-Akiba ambayo serikali iliuza kwa simu mwaka 2017 ililipa hiyo, bila kodi, na mtu aliweza kuanza na 3,000. Lakini kiwango hubadilika na bei za vitu hubadilika, kwa hivyo msituletee karatasi hii baada ya miaka 10 mkidai kila shilingi!

Hiyo shilingi 20 kwa siku si wazo letu. Mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa pensheni wa watu wa jua kali, ukaitwa Mbao kwa sababu hiyo hiyo. NSSF nayo ilileta Haba Haba ya shilingi 25 kwa siku, ambapo mwanachama anaweza kutoa nusu ya michango yake baada ya miaka 5 ya kuweka bila kukatiza. Kabla ya kujiunga na mpango wowote, tumeni watu wawili wa kikundi waende ofisini wenyewe, waulize masharti ya siku hiyo na warudi na karatasi.

Mahali pengine pa kuweka ni Sacco, mradi muulize kama imesajiliwa na kukaguliwa, na kama inachukua amana kama benki muulize kibali cha SASRA. Bondi za kawaida za serikali huanzia 50,000. Miti nayo ni akiba nzuri: parachichi iliyopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi, na mkaratusi wa nguzo unakua wewe ukiwa kitandani, ila usiupande karibu na chemchemi.

Ng'ombe wa gredi je? Wengi watasema huyo ndiye pensheni yao. Sisi tunasita. Tuseme anatoa lita 8, na unauza kwa 45. Hiyo ni 360. Anakula kilo 4 za chakula cha duka kwa 50, yaani 200. Umebaki na 160, na bado hujamlipa daktari wa mifugo wala kununua chumvi. Halafu kila siku, mvua ama jua, lazima mtu akate majani, abebe, akamue alfajiri. Ng'ombe ni kazi nzuri, mbolea yake ni ya thamani, watoto wanakunywa maziwa. Lakini aandikwe kwa kalamu ya buluu, si ya kijani. Siku ukiugua, naye anaugua.

Na tahadhari moja. Mtu akianza kuwaza juu ya kuacha kazi mapema, huwa windo rahisi la wauza ndoto. Mwaka 2006 na 2007 Wakenya wengi sana walipoteza mabilioni ya shilingi katika michezo ya piramidi, na mingine iliingia kupitia makanisa na vikundi kama vyetu. Mwaka 2013 wakaja kware: yai moja lingekutajirisha, kila mtu akajenga kibanda, na ilipofika 2014 hakuna aliyetaka mayai. Kuna pia kiinua mgongo cha mstaafu kinachonunua matatu kuukuu ndani ya mwezi mmoja, na baada ya mwaka matatu iko juu ya mawe. Njia tunayoifundisha hapa ni ya polepole mpaka inachosha. Ikikujia ya haraka, sio hii.

Tumesikia pingamizi mbili, na zote mbili ni za haki.

Ya kwanza: haya ni mambo ya wenye nacho, sisi tunajinyima tangu tuzaliwe. Ni kweli kabisa. Marekani mama mmoja wa kijiji cha Leeds, jimbo la Maine, jina lake Amy Dacyczyn, aliandika jarida la kubana matumizi kutoka 1990 hadi 1996. Alipata wasomaji wengi kwa kuwafundisha mambo kama kuosha mifuko ya nailoni na kuitumia tena. Nyanya zetu wangecheka! (Tangu Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku kwetu, kwa hivyo tunaosha mikebe na magunia.) Lakini tofauti iko hapa: mama huyo na mumewe, wakiwa na watoto sita, walijua kila walichookoa kilikwenda wapi. Kujinyima bila daftari huishia mikononi mwa mwenye duka. Na kwa yule ambaye kweli hana kinachobaki, somo la kubana si lake bado. Lake ni kuongeza mapato, na kikundi kimsaidie hapo kwanza.

Vile vile kuna mambo ambayo hayabanwi. Mayai ya watoto yasiuzwe yote ili mstari wa kijani upande. Mbolea na mbegu zilizothibitishwa zisiachwe. Mchango wa SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, ulipwe. Kwa wasioajiriwa kiwango cha chini kilichowekwa ni 300 kwa mwezi. Ugonjwa mmoja wa kulazwa humaliza akiba ya miaka kumi, na tumeona mashamba yakiuzwa kwa sababu hiyo. Na mume na mke wakubaliane kabla ya kuanza. Hakuna faida mama akifunga mkanda huku baba akiufungua.

Michango ya ndugu nayo isifutwe, ipewe fungu lake katika daftari. Amueni kwa mfano 500 kwa mwezi. Likiisha, mnamwambia ndugu kwa upole kwamba fungu la mwezi huu limekwisha, tutaonana mwezi ujao. Anayejua mna mpango ataheshimu, hata kama atanung'unika.

Pingamizi ya pili inatoka kwa wazee wa kanisa: je, kuacha kazi mapema si uvivu? Na yule tajiri wa Luka 12:16-21 aliyejenga ghala kubwa akajiambia apumzike? Hatutaki kulimaliza swali hili kwa ajili yenu. Someni mistari hiyo, kisha someni Mwanzo 41, habari ya Yusufu aliyeweka sehemu ya tano ya mavuno miaka ya shibe ili watu wasife miaka ya njaa. Wote wawili waliweka ghala. Jadilianeni tofauti ilikuwa wapi. Sisi tutaongeza jambo moja tu: katika vijiji vyetu, anayetembelea wagonjwa, anayekaa kwenye kamati ya maji, anayefundisha watoto Jumapili, mara nyingi ni yule ambaye kibarua hakijamnyang'anya kila siku yake. Na mzee aliye na chake hawi mzigo kwa mtoto ambaye anang'ang'ana kulea wake. Ile 2,000 kwa mwezi ambayo serikali ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018 ni msaada, lakini miaka 70 ni mbali na 2,000 si nyingi.

Kwa vikundi vyenyewe tuna ombi kuhusu Desemba. Desturi ni kugawana pesa zote za meza, kila mtu anunue mbuzi na nguo za Krismasi, Januari tunaanza sufuri. Jaribuni mwaka huu kugawana theluthi mbili, na theluthi moja ya kila mwanachama ibaki kwa jina lake kama akiba ya uzee, isiyokopwa wala kuguswa. Andikeni jambo hilo katika muhtasari, pamoja na utaratibu wa mtu akifariki: nani atapewa fungu lake. Likiachwa bila kuandikwa litaleta kesi.

Kazi ya mkutano ujao ni hii. Mweka hazina alete karatasi moja ya manila na kalamu za rangi tatu. Kila mwanachama aje na daftari lililoandikwa siku zote tangu leo, hata kama ni la wiki mbili tu, na awe amehesabu siku moja ya kazi yake inabaki na shilingi ngapi baada ya nauli na chakula. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa shule, lakini hesabu iwe yake. Kisha kila mtu ataje kitu kimoja alichonunua mwezi huu, na kilimgharimu siku ngapi. Anza na mwenyekiti.